Daftari la Misiba katika Dhoruba ya Buffalo

Buffalo, jiji la pili kwa ukubwa katika jimbo la New York, hujiita Jiji la Majirani Wema, na kila msimu wa baridi unapoleta balaa jina hilo hurudi midomoni mwa viongozi na watangazaji. Sina ugomvi nalo. Nimeishi hapa muda wa kutosha kuona mtu nisiyemjua akisimamisha gari lake ili asukume langu lililokwama kwenye theluji, kisha akaondoka bila hata kungoja ahsante. Hata hivyo, tangu dhoruba ya Krismasi ya mwaka 2022, iliyoua watu 47 katika kaunti za Erie na Niagara, nimekuwa nikiyatilia shaka maelezo kwamba kilichotuokoa sisi tuliookoka ni wema wa moyo. Wema ulikuwapo, tena tele, lakini wema usiojua mlango wa kugonga haukuweza kufika popote katika upepo ule. Kwa sisi tunaozungumza Kiswahili katika upande wa magharibi wa jiji, kilichofanya kazi kwanza kilikuwa daftari la michango ya misiba.

Nianze na ziwa, kwa kuwa kila habari ya theluji hapa chanzo chake ni ziwa. Buffalo imekaa kwenye ncha ya mashariki ya Ziwa Erie, na ziwa hilo limelala kuelekea kaskazini mashariki, hivi kwamba upepo wa kusini magharibi hulipitia kwa urefu wake wote, karibu kilomita 390, kabla ya kugusa nchi kavu. Mwanzoni mwa majira ya baridi maji bado yana joto kuliko hewa iliyo juu yake. Hewa kavu na baridi inapopita hapo hufyonza mvuke, hupanda, huganda, na kuumwaga mzigo wake wote juu ya nchi ya kwanza inayokutana nayo, ndiyo sisi. Tuliokulia kando ya Tanganyika tunaujua upepo wa ziwa na tunajua kuuogopa, ila hatukuwahi kuona ziwa likihamia barabarani.

Mwezi mmoja tu kabla ya dhoruba ninayoielezea, katikati ya Novemba, kitongoji cha Orchard Park kusini mwa jiji kilipata theluji ya takriban mita mbili, na timu ya mpira wa Kimarekani ya Buffalo Bills ililazimika kuhamishia mechi yake ya nyumbani Detroit. Watu waliokufa walikuwa wachache. Barabara zilifunguliwa, watoto wakapiga picha wamesimama juu ya mapaa ya magari, na maisha yakaendelea. Nadhani mafanikio yale yalitudhuru. Tahadhari za Desemba zilipoanza kutoka, wenyeji wengi walizipima kwa kipimo cha theluji wakauliza itakuwa na kina gani, na waliposikia kwamba itakuwa pungufu ya ile ya Novemba wakatulia. Watabiri wa hali ya hewa walikuwa wakionya kwa siku kadhaa kuhusu jambo jingine kabisa, yaani upepo, na upepo ni vigumu kuuogopa kabla haujafika.

Ulifika Ijumaa asubuhi, tarehe 23. Alfajiri kulikuwa na joto la nyuzi kadhaa juu ya sifuri, na mvua ilikuwa imelowanisha kila kitu. Kabla ya siku kwisha tulikuwa chini ya nyuzi 10 chini ya sifuri, na maji yale yote yalikuwa yamegeuka kioo chini ya theluji. Upepo ulipita kasi ya kilomita 110 kwa saa. Marufuku ya kuendesha magari ilitangazwa kuanzia saa tatu na nusu asubuhi, saa ambayo watu wetu wengi walikuwa wameshatoka. Hapa sharti niseme jambo ambalo wanaoandika kuhusu uzembe wa wananchi hulisahau. Watu wanaosafisha hoteli, wanaopanga mizigo katika maghala, wanaohudumia wazee na wanaokata nyama viwandani hawalipwi kwa kukaa nyumbani wakitazama utabiri. Wanalipwa kwa saa, na ile ilikuwa Ijumaa ya mwisho kabla ya Krismasi. Mtu aliyepokea tahadhari kwa simu, kwa Kiingereza ambacho anakisoma kwa taabu, na asipokee neno lolote kutoka kwa msimamizi wake wa kazi, alivaa viatu akaenda.

Katika uwanja wa ndege hali ile ya kutoona mbele, ambayo wataalamu huihesabu kuwa dhoruba kamili ya theluji, ilidumu kwa saa 37 mfululizo, na mpaka mawingu yalipotulia baada ya Krismasi zilikuwa zimeanguka zaidi ya sentimita 130. Takwimu hizo hazionyeshi jinsi kulivyokuwa. Ukifungua mlango ulikuta weupe ulioanzia puani pako. Mkono ulionyooshwa ulipotea. Magari ya zimamoto, ya wagonjwa na ya polisi yalikwama barabarani pamoja na yale yaliyotumwa kuyakomboa, na viongozi wa kaunti walikiri kwamba kwa mara ya kwanza katika historia ya kikosi cha zimamoto cha Buffalo hakikuweza kuitikia wito wa dharura. Ukipiga simu ya dharura ulijibiwa na mtu mwenye sauti ya upole ambaye hakuwa na la kukufanyia.

Mtaa wetu una nyumba za mbao za zamani, kila moja ikiwa na familia chini na familia juu, karibu zote za kupanga. Wamo Wakongo wa Kivu Kusini waliopitia kambi ya Nyarugusu huko Kasulu, wamo Warundi, wamo Wasomali Wabantu waliojifunza Kiswahili katika kambi za Kenya, na katikati yetu wamo Waburma, Wapuerto Riko, na Wamarekani wachache ambao wazazi wao walitoka Italia. Umeme ulikatika upande mmoja wa barabara na kubaki upande wa pili, kwa sababu nyaya zao zinatoka katika njia tofauti, na jambo hilo la bahati tu ndilo lililopanga maisha yetu yote ya siku zilizofuata. Mtu asiyejua nyumba za huku anaweza kudhani kwamba hita ya gesi haihitaji umeme. Inauhitaji: gesi ikiwaka, feni ya umeme ndiyo inayoisukuma hewa ya moto vyumbani, na umeme ukikatika mtambo mzima huzimika. Jiko la kupikia la kizamani, kwa upande mwingine, huwaka kwa njiti ya kiberiti. Kwa hiyo kulikuwa na nyumba zenye jiko zisizo na joto, na nyumba zenye joto ambazo hazikuwa na chakula, kwa kuwa wenyewe walipanga kununua vya sikukuu Ijumaa jioni.

Sasa daftari. Wale walioishi kambini wanajua kwamba hakuna chama kinachodumu kuliko chama cha kuzikana. Mtu akifa hapa gharama za mazishi zinaweza kumfilisi mjane, na kwa hiyo jumuiya yetu ina orodha ya kaya zinazochangia, inayotunzwa na mama mmoja aliyewahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye mwandiko nadhifu ambao haujawahi kuvuka mstari. Kwa kila kaya ameandika namba ya nyumba, ghorofa, idadi ya watu, namba mbili za simu, na pembeni, kwa penseli, maelezo anayoyaona kuwa ya lazima: “mtoto mchanga,” “Baba ana sukari,” “hawasomi, piga simu,” “kengele haifanyi kazi, gonga dirisha.” Hakuyaandika hayo kwa ajili ya dhoruba. Aliyaandika kwa sababu mkusanya michango anayesimama nje ya mlango wenye kengele mbovu hurudi mikono mitupu.

Ijumaa mchana, alipoona kwamba umeme umekatika, alianza kupiga simu kuanzia ukurasa wa kwanza. Hakuuliza watu wanaendeleaje, maana swali hilo kwetu lina jibu moja tu, nzuri. Aliuliza mambo matatu: nani hayupo nyumbani, jiko linawaka, na dawa za nani zinakwisha. Majibu aliyaandika pembeni, kisha akayatuma kwa sauti katika kundi letu la WhatsApp, ili wasiosoma wasipitwe. Kufikia jioni tulijua kwamba baba mmoja amefungiwa kiwandani kwa kuwa waliotakiwa kumpokea zamu hawakufika, na amelala juu ya maboksi pamoja na wenzake. Kwamba mke wake ana mtoto wa miezi michache na kopo la maziwa limebaki na vijiko viwili. Na kwamba nyumba kadhaa mbele, mama mwingine ana makopo ya maziwa yaleyale anayoyapata katika mpango wa serikali wa kina mama na watoto. Kati ya milango hiyo miwili palikuwa na umbali ambao siku ya kawaida mtoto anautembea huku akila embe. Usiku ule hapakuwa na mtu aliyeruhusiwa kuutembea.

Nasema aliyeruhusiwa, kwa sababu vijana walitaka kutoka na wakakatazwa. Aliyewakataza hakuwa mmoja wetu. Alikuwa mzee wa Kimarekani wa nyumba ya kona, mjane mwenye zaidi ya miaka 80, ambaye mpaka siku ile tulikuwa tukisalimiana naye kwa kunyanyua mkono tu. Aliwaona kutoka dirishani wakijifunga skafu, akafungua mlango na kupiga kelele mpaka wakamwendea. Alikuwapo katika dhoruba ya Januari 1977, ambayo watu wa rika lake huihesabia miaka kama wazee wetu wanavyohesabia njaa na vita. Dhoruba ile iliua watu 29, na baadhi yao walikutwa ndani ya magari yaliyofukiwa. Tena mwaka ule theluji mpya haikuwa nyingi. Ziwa lilikuwa limeganda tangu katikati ya Desemba, na upepo ulikokota theluji iliyokuwa imerundikana juu ya barafu ukaimwaga mjini. Mzee aliwaambia vijana kwamba mtu hapotei kwa kwenda mbali, anapotea kati ya nyumba yake na ya jirani. Kisha akawapa kamba.

Jumamosi mchana, upepo ulipopumua kidogo, walitoka wakiwa wamefungana kiunoni kwa kamba ile, iliyoongezwa urefu kwa kamba za kuanikia nguo, mmoja akibaki mlangoni ameshika mwisho wake. Maziwa yalifika. Safari ya pili ilikuwa ya kumchukua bibi mmoja anayeishi peke yake ghorofani, katika nyumba ambayo hita yake ilikuwa imezimika tangu jana yake. Walipogonga dirisha, kama daftari lilivyoelekeza, waliita, “Bibi, fungua, ni sisi.”

“Ninyi akina nani?”

“Sisi watoto wako, Bibi. Tumekuja kukuchukua.”

“Watoto wangu wako Uvira.”

Ilibidi wamtaje mama wa daftari ndipo akafungua. Alikuwa amevaa vitenge vitatu juu ya koti, na vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kufa ganzi, lakini hakukubali kuondoka. Hakuwa mkaidi wala hakuwa amechanganyikiwa. Hoja yake ilikuwa kwamba hawezi kuingia katika nyumba ya watu siku ya mkesha wa Krismasi mikono mitupu, akala chakula cha watoto wa wenyewe. Vijana walibishana naye kwa heshima, kwa muda mrefu kuliko usalama ulivyoruhusu, mpaka mmoja wao akaelewa kwamba mabishano hayana haja. Walichukua mfuko wake wa unga wa muhogo, maharage, na ndagala zake alizoletewa kutoka Kigoma, wakaviweka ndani ya beseni la kufulia, wakalikokota juu ya theluji kwa kamba, na Bibi akatoka nyuma ya mali yake kama mgeni aliyealikwa. Wale wanaotoa misaada kitaalamu wangefaa kulisikia hili. Mtu mzima hukubali kuokolewa akiwa bado ana kitu cha kutoa.

Nyumba ile alimopelekwa iliishia kulaza kaya nne. Simu za mtaa mzima zilivushwa hadi upande wenye umeme katika mfuko wa plastiki, kila moja imebandikwa utepe wenye jina la mwenyewe, zikachajiwa kwa zamu. Aliyepanga zamu ni msichana wa darasa la nane, na ukali wake bado unasimuliwa. Ibada ya Krismasi, iliyokuwa Jumapili, iliendeshwa kwa simu. Kwaya ilijaribu kuimba kila mtu akiwa kwake, na sauti zilifika zikiwa zimepishana vibaya kiasi kwamba mchungaji aliomba tusome zaburi badala yake.

Kuna jambo moja ambalo lingeweza kutuua sisi hasa, na lazima nilieleze kwa urefu kwa sababu kila majira ya baridi nasikia habari zake kutoka majimbo mengine. Familia nyingi zetu zina jiko la mkaa, la kuchomea mishikaki na mahindi uani wakati wa kiangazi. Ijumaa usiku, baba mmoja aliyeona watoto wake wakitetemeka aliliwasha uani, akangoja moshi ukatike na makaa yawe mekundu, akaliingiza chumbani na kufunga mlango. Kwa macho ya mtu aliyekua Afrika Mashariki alifanya kila kitu kwa usahihi: moshi ndio tunaouogopa, na moshi ulikuwa umekwisha. Lakini mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaotoa kwa wingi gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo hushikamana na damu mahali ambapo oksijeni ingeshika, mpaka mtu anasinzia na asiamke. Nyumba za kwetu zina upenyo juu ya ukuta na chini ya mlango, na hewa inapita utake usitake. Nyumba za huku zimezibwa kila ufa ili joto lisitoke, na wapangaji wenye bidii huongeza plastiki madirishani.

Aliyezuia msiba ule ni dada mmoja anayefanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, ambaye alikuwa amefundishwa habari za gesi hiyo kazini. Mama wa daftari alipotuma taarifa kwamba familia fulani “wamepata joto, wamewasha jiko,” yeye aliuliza, jiko gani? Kimya cha jibu kilimtosha. Alipiga simu akawaamuru wafungue madirisha yote na walitupe jiko kwenye theluji, na baba yule akakasirika, akasema huyu binti anamfundisha jinsi ya kuwasha moto yeye aliyepika kwa mkaa maisha yake yote. Mkewe ndiye aliyelitoa. Tayari alikuwa na maumivu ya kichwa ambayo alidhani ni ya njaa. Kesho yake dada huyo alirekodi maelezo kwa Kiswahili, dakika mbili tu, akaeleza pia kwamba jiko la gesi lisiachwe likiwaka usiku kucha kama hita, kwamba gari lisiwashwe kama bomba lake la moshi limefukiwa, na kwamba mabomba ya hita yanayotokea ukutani nje lazima yafukuliwe. Jambo la mwisho alilisikia kwa mzee wa kona. Rekodi ile ilivuka mipaka ya Buffalo. Nilirudishiwa mimi mwenyewe na binamu yangu aliye jimbo jingine kabisa.

Sehemu nyingine za jiji zilikuwa na habari zao, na nyingi zimeshasimuliwa. Kinyozi mmoja wa upande wa mashariki alifungua duka lake la kunyolea kwa wapita njia waliokwama, na usiku wa kwanza watu wapatao 40 walilala humo, wengine kwenye viti vya kunyolea. Katika kitongoji cha Cheektowaga, fundi wa magari aliyenasa barabarani alivunja dirisha la shule, akawaingiza watu zaidi ya 20 aliowakuta ndani ya magari, wakala vyakula vya mkahawa wa shule, na akaacha barua ya kuomba radhi kwa uharibifu; polisi walimtafuta ili wamshukuru. Mwanamke mmoja alimwingiza nyumbani kwake mzee mwenye ulemavu wa akili aliyemsikia akilia nje, akayeyusha barafu mikononi mwake kwa mashine ya kukaushia nywele, akaomba msaada kwa video mpaka watu wasiomfahamu wakaja kumpeleka hospitali. Mtoto alizaliwa nyumbani siku ya mkesha, wazazi wakiongozwa kwa simu ya video.

Hizo ni habari za kweli na za kupendeza, na ndiyo maana nina wasiwasi nazo. Zimesafiri upesi kuliko habari za waliokufa. Walikutwa nje, walikutwa ndani ya magari, walikutwa katika nyumba zilizoganda. Wengine moyo ulisimama wakichota theluji, wengine walikufa wakingoja gari la wagonjwa lililokuwa limekwama. Wengi wa waliokufa ndani ya jiji lenyewe walikuwa weusi, ingawa weusi ni takriban theluthi moja tu ya wakazi. Upande wa mashariki wanakoishi wengi wao ulikuwa umetoka kuomboleza: tarehe 14 Mei mwaka uleule, mbaguzi mwenye bunduki aliua watu 10 weusi katika duka la vyakula la Jefferson Avenue, duka ambalo wakazi walilipigania kwa miaka mingi kwa kuwa halikuwapo jingine kubwa karibu. Mtaa ambao una duka moja la vyakula hauwezi kuweka akiba kama mtaa wenye matano, hata majirani wake wawe wema namna gani. Nikimsikia kiongozi akiusifu moyo wa jiji, namwomba Mungu asiwe anaeleza kwa nini tingatinga hazikutosha.

Marufuku ya magari ndani ya jiji iliondolewa usiku wa kuingia Alhamisi, tarehe 29. Kabla ya hapo, kwetu, barabara ilifunguliwa kwa mabeleshi kutoka mlango hadi mlango, kwa sababu mtaa wetu ni mwembamba na magari yaliyotelekezwa yalizuia mitambo kupita. Hapo ndipo Waburma na Wapuerto Riko na sisi tulipofanya kazi pamoja kwa mara ya kwanza tangu tuhamie, bila lugha ya kuelewana vizuri, kila nyumba ikichimba mpaka ikutane na wenzake. Mwaka Mpya ulikuja na joto, na theluji iliyotufungia ikawa matope katika siku chache tu.

Madeni hayakuyeyuka. Waliokosa zamu za wiki nzima walikuwa na kodi ya nyumba ya Januari mbele yao, na jumuiya, kwa mara ya kwanza, ilifungua mfuko wa misiba kwa ajili ya watu walio hai. Uamuzi huo haukupita kirahisi. Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa kanisa na ulikuwa mrefu na wenye maneno makali. Wazee kadhaa walisema fedha za wafu haziguswi, na kwamba mkianza kuwalipia wanaodaiwa kodi mtakosa jeneza siku ya jeneza. Nilikuwa upande wa waliotaka mfuko ufunguliwe na bado niko huko, ila nakiri kwamba hoja ya wazee ilikuwa na nguvu, kwa kuwa mwezi wa nne tulifiwa na ilibidi tukope.

Mabishano mengine yalihusu nani aandikwe. Mama wa daftari alipendekeza kaya zote za mtaa ziingizwe, wachangie wasichangie, Waswahili na wasio Waswahili, akimtaja mzee wa kona kwa mfano: mtu aliyewazuia watoto wetu kufa hakuwa katika orodha yetu hata kwa penseli, na kama angeanguka ndani ya nyumba yake Ijumaa ile hakuna ambaye angejua. Wengine walihofia kwamba kuorodhesha watu wasiotujua, na magonjwa yao, kutaleta matatizo na serikali au na wenye nyumba. Tulikubaliana kugawa daftari mara mbili. La misiba limebaki kama lilivyokuwa. La pili ni la milango, kwa kila nyumba iliyokubali, na halina habari za fedha wala za uhamiaji. Lina watu wangapi, jiko la aina gani, upande upi wa umeme, na nani wa kugongewa kwanza. Mzee wa kona aliandikwa wa kwanza.

Lilijaribiwa Januari 2024, ziwa lilipotushukia tena, mechi ya Bills ikasogezwa kutoka Jumapili hadi Jumatatu. Safari hii marufuku ya magari ilitangazwa mapema, usiku uliotangulia, na hilo peke yake liliokoa wengi kuliko daftari lolote. Sisi tulipiga simu Jumamosi mchana, tukiwa na mwanga na umeme, na nyumba mbili zisizo na akiba zilipelekewa vyakula kabla upepo haujaanza.

Ugumu uliobaki ni kwamba watu hawatulii. Kodi inapanda, kazi zinapatikana Iowa na Kentucky, familia inaondoka mwezi wa sita na nyingine inafika kutoka uwanja wa ndege mwezi wa kumi ikiwa na makoti ya kugawiwa na bila habari yoyote ya ziwa. Vijana wametengeneza orodha katika simu, inayoweza kurekebishwa na yeyote, na wanamsihi mama aache karatasi. Amekataa, akiuliza simu ikizima chaji wataisoma wapi. Kwa sasa orodha zote mbili zinatumika, na kila Oktoba watu wawili wawili hupita nyumba kwa nyumba kuzilinganisha. Safari iliyopita jozi yangu ilipewa upande usio na kengele.